Kupima Matiti Kigoma: Mwongozo Kamili Tangu Uvimbe Unapoguswa Hadi Karatasi ya Majibu

Mwanamke aliyegusa kitu kigumu kwenye titi lake, awe Kasulu, Kakonko au Ujiji, anahitaji kujua mambo mawili kabla ya mengine yote. Kwanza, uvimbe mwingi unaopatikana kwenye matiti si saratani. Pili, hakuna mkono wa daktari, hata uwe na uzoefu wa miaka mingi kiasi gani, unaoweza kutoa hukumu hiyo peke yake. Uvimbe hujulikana kwa vipimo vitatu vinavyokubaliana: mkono, picha na kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama kinachotolewa kwenye uvimbe na kupelekwa maabara. Pale kimoja kinapoenda kinyume na vingine, jibu bado halijapatikana, na mgonjwa hapaswi kuambiwa aende nyumbani akapumzike.

Mpango wa saratani ya titi wa Shirika la Afya Duniani, ulioanzishwa mwaka 2021, una lengo kwamba uchunguzi wa titi, pamoja na majibu ya maabara, ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza. Shika kalenda, tia alama siku ya kwanza uliyofika zahanati, kisha hesabu. Katika mkoa wenye umbali kama wetu, siku nyingi hupotea kati ya mlango mmoja na mwingine: rufaa haikuandikwa, mashine haifanyi kazi, sampuli imelala kabatini, simu ya mgonjwa haipatikani majibu yanapotoka. Karibu kila upotevu wa namna hiyo unazuilika ukijua cha kuuliza na wakati wa kuuliza.

Dalili zinazotaka uende wiki hiihii

Uvimbe mpya usiopungua baada ya hedhi kupita. Ngozi iliyobonyea ndani, au iliyovimba vitundu vitundu kama ganda la chungwa. Chuchu iliyokuwa nje tangu usichana na sasa imeingia ndani. Majimaji yenye damu yanayotoka kwenye tundu moja la chuchu bila kukamuliwa. Chuchu yenye ukurutu usiosikia dawa ya kupaka. Kidonda kisichopona. Tezi ngumu kwapani au juu ya mfupa wa bega ulio mbele, chini ya shingo (mtulinga). Titi lililobadilika umbo au ukubwa upande mmoja.

Angalia kwamba maumivu hayamo kwenye orodha hiyo. Saratani ya titi mwanzoni kwa kawaida haiumi, na hilo ndilo linalowachelewesha wengi: mtu hulima, huanika dagaa, husafiri, na uvimbe haumsumbui, basi huuacha. Maumivu ya matiti yote mawili yanayokuja kabla ya hedhi na kuondoka nayo mara nyingi ni ya homoni. Maumivu ya sehemu moja isiyohama yaonyeshwe kwa daktari, ingawa mara nyingi hukutwa si kitu kikubwa.

Kujichunguza nyumbani hakuchukui nafasi ya kupimwa. Faida yake ni kwamba unalijua titi lako lilivyo siku za kawaida, hivyo badiliko halikupiti. Fanya siku ya 7 hadi ya 10 tangu hedhi ilipoanza, wakati matiti yamelainika. Aliyekoma hedhi achague tarehe moja ya kila mwezi. Jitazame kwanza mbele ya kioo, mikono ikiwa chini, kisha juu ya kichwa, kisha umeshika kiuno na kukikaza. Halafu lala chali, mkono mmoja chini ya kichwa, na utumie vidole vitatu vya mkono wa pili. Gusa kwa sehemu laini ya vidole, usitumie ncha. Usifinye titi kati ya kidole gumba na vingine, maana ukifinya hivyo kila titi lina uvimbe.

Mlango wa kwanza: zahanati au kituo cha afya

Huna sababu ya kukimbilia moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Anza karibu, kwa sababu rufaa yenye maelezo mazuri hufupisha foleni ya mbele, na baadhi ya bima hazilipi ngazi ya juu bila karatasi hiyo. Eleza jambo lako wazi, usilifunike kwa "najisikia vibaya" au "homa". Inatosha kusema: "Daktari, nina uvimbe titi la kushoto tangu mwezi wa tatu. Hedhi imepita mara mbili na haujapungua. Naomba nipimwe."

Sentensi hiyo inabeba upande, muda na mwenendo, mambo matatu ambayo tabibu angelazimika kuyauliza. Ongeza umri wako, kama unanyonyesha au una ujauzito, dawa unazotumia pamoja na za uzazi wa mpango, na kama mama, dada, shangazi au binti yako aliwahi kuugua saratani ya titi au ya mifuko ya mayai ya uzazi. Kama ndugu wa karibu aliugua kabla ya miaka 50, taja umri wake halisi. Kwa familia za namna hiyo, madaktari wengi huanza uchunguzi wa kila mwaka miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu huyo aliupata ugonjwa.

Wanawake wa miaka 30 hadi 50 wanaokwenda kupimwa dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi waombe matiti yaguswe katika ziara hiyohiyo. Nauli ni ileile.

Upimaji wa mkono uliofanyika vizuri una sura yake, nawe una haki ya kuudai. Unaketi umevua hadi kiunoni, mtoa huduma anatazama matiti yote mawili, mikono ikiwa chini, juu, kisha kiunoni. Anapapasa makwapa na juu ya mifupa ya bega ukiwa umeketi. Kisha unalala, naye anapita kwa mistari ya juu na chini kutoka mfupa wa bega hadi chini ya titi, na kutoka usawa wa kwapa hadi katikati ya kifua, akibonyeza kwa uzito wa aina tatu: juujuu, katikati, na hadi karibu na mbavu. Kazi hii huchukua dakika kadhaa kwa kila titi. Kama umeguswa juu ya blauzi kwa nusu dakika, hujapimwa. Omba kwa heshima irudiwe. Unaweza pia kuomba muuguzi wa kike awepo chumbani, au mama mkwe, dada au rafiki uliyekuja naye. Hakuna mtoa huduma anayejua kazi yake atakayekataa.

Usidharau kipimo hiki kwa kuwa hakina mashine. Huko Mumbai, India, wanawake walifuatiliwa kwa takriban miaka 20, kundi moja likipimwa kwa mkono na wahudumu waliofundishwa kila baada ya miaka miwili. Kwa wenye miaka 50 na zaidi, vifo vya saratani ya titi vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa mkoa kama Kigoma, mkono uliofundishwa kwenye zahanati ya kijiji una thamani kubwa kuliko mashine moja ya gharama iliyo mbali na watu.

Matokeo ya mkono yaandikwe kwa namna ambayo daktari mwingine ataipata sehemu ileile. Titi husomwa kama uso wa saa ya ukutani, kwa namba iliyoandikwa kwenye uso huo. Maandishi mazuri ni kama haya: titi la kushoto, saa 2, sentimita 4 kutoka kwenye chuchu, uvimbe wa sentimita 2 kwa 1.5, mgumu, kingo hazieleweki, hausogei, tezi moja kwapani. "Uvimbe kwenye titi, apelekwe hospitali" ni rufaa isiyosaidia, na ni halali yako kuomba upande na mahali viongezwe kabla mhuri haujagongwa.

Anayenyonyesha, mjamzito, na mwanaume

Hapa ndipo miezi mingi hupotea. Mama anayenyonyesha akiwa na uvimbe huambiwa "ni maziwa yameganda", na mara nyingi ni kweli. Titi jekundu, la moto na lenye homa ni uambukizo, na dawa ya kuua bakteria hufanya kazi ndani ya siku chache. Aendelee kunyonyesha au kukamua, kwa sababu maziwa yaliyosimama huongeza usaha. Usaha ukishakusanyika, njia nzuri ni kuuvuta kwa sindano chini ya altrasaundi, mara nyingi zaidi ya mara moja. Kisu kina nafasi yake, lakini kisiwe cha kwanza.

Shika mpaka wa wiki mbili. Uvimbe au wekundu uliobaki baada ya dawa kumalizika na wiki mbili kupita upigwe picha, na kama haueleweki uchukuliwe kinyama. Kuna aina ya saratani inayoanza kwa wekundu na ngozi iliyovimba bila uvimbe wa kushikika, na hiyo hufanana sana na jipu. Titi lenye jipu kwa mwanamke asiyenyonyesha lina sababu zaidi ya kuchunguzwa: usaha na kipande cha ukuta wake vipelekwe maabara, pia kwa ajili ya kifua kikuu, ambacho hukaa kwenye titi mara chache lakini hukaa. Ujauzito hauzuii altrasaundi wala kinyama.

Wanaume nao hupata, takriban mgonjwa 1 kati ya 100. Uvimbe mgumu nyuma ya chuchu ya mwanaume mzima, hasa wa upande mmoja, unafuata njia hiihii.

Picha: altrasaundi na mamografia (eksirei ya titi)

Kabla ya kupanda gari, piga simu. Hili tunalisisitiza kwa anayetoka Kibondo au Kakonko, na zaidi kwa anayekuja kwa boti kutoka vijiji vya mwambao wa kusini, Buhingu na Kalya, ambako ziwa likichafuka safari hukaa siku kadhaa. Uliza maswali manne: Daktari wa upasuaji au wa kliniki ya matiti anaona wagonjwa siku zipi? Altrasaundi ya titi inafanyika, na je, kuna kichwa bapa cha kupimia viungo vilivyo karibu na ngozi? Mamografia inafanya kazi leo? Nani anasoma picha na majibu hutoka lini? Jibu la "njoo tu tutaona" si jibu la kulipia nauli. Ulizia pia Hospitali ya Kabanga iliyo Kasulu, au Heri iliyo Buhigwe, kama ziko karibu nawe zaidi.

Kwa aliye chini ya miaka 30, altrasaundi ndiyo picha ya kwanza. Titi la ujana limejaa tezi, na kwenye mamografia tezi huonekana nyeupe sawasawa na uvimbe, kwa hiyo uvimbe hujificha. Kuanzia miaka 40 mwenye dalili hufanyiwa zote mbili. Wa kati ya hapo, daktari huamua kwa kile alichokigusa. Mamografia kwa mwanamke asiye na dalili yoyote inaleta faida kubwa zaidi kati ya miaka 50 na 69, kila baada ya miaka miwili, mahali huduma ipo. Binti wa miaka 22 anayelipia mamografia "kujihakikishia" anapoteza fedha.

Altrasaundi ya titi haihitaji kunywa maji wala kukaa na njaa. Watu huichanganya na ile ya tumbo la chini, wakaja wamebana mkojo bure. Haina mionzi. Unalala, unapakwa jeli, na mpimaji anapita titi lote pamoja na kwapa. Mwonyeshe kwa kidole mahali unapohisi uvimbe. Akimaliza bila kupita kwapani, mkumbushe. Kasoro ya kawaida ni kutumia kichwa kilichopinda cha kupimia tumbo: picha huwa haina uangavu wa kutosha karibu na ngozi, na uvimbe mdogo hupotea.

Ripoti nzuri inasema kama uvimbe ni wa maji au wa nyama, kingo zake zikoje, vipimo vyake vitatu, mahali pake kwa saa na sentimita kutoka kwenye chuchu, na hali ya kwapa. Mfuko wa maji matupu wenye ukuta mwembamba hauna hatari, unaachwa au unavutwa kwa sindano kama unauma. Uvimbe wa nyama ulio mrefu kwenda chini kuliko upana wake, wenye kingo zilizochongoka na kivuli nyuma yake, huo unatakiwa kuchukuliwa kinyama bila kusubiri.

Siku ya mamografia oga, kisha usipake poda, marashi, dawa ya kuzuia jasho wala mafuta ya ngozi kifuani na kwapani. Chembe za madini zilizomo kwenye poda na dawa ya jasho huonekana kwenye picha kama vitone vya chokaa, na vitone vya chokaa ni moja ya alama za saratani inayoanza. Vaa sketi na blauzi ili uvue juu pekee. Nenda wiki moja baada ya hedhi kuanza. Picha ni nne, mbili kila titi: moja kutoka juu, moja kutoka ubavuni kwa mshazari. Titi hubanwa kati ya bamba mbili kwa sekunde chache. Inabana kweli, na wengine inawauma, lakini bila kubana picha hupata ukungu na mionzi inayohitajika huongezeka. Mionzi yenyewe ni kidogo, takriban sawa na ile ambayo mtu hupata kutoka ardhini na angani kwa wiki saba za maisha ya kawaida.

Kama unabeba picha za zamani, mpe msomaji. Badiliko la miaka miwili humwambia mengi kuliko picha moja ya leo.

Namba iliyo chini ya ripoti

Ripoti nyingi huishia na namba ya BI-RADS, kuanzia 0 hadi 6, na wagonjwa wengi huirudisha nyumbani bila kuelezwa. Sifuri maana yake picha haikutosha, inatakiwa nyingine. 1 hakuna kitu. 2 kuna kitu kisicho na hatari. 3 karibu hakika hakina hatari, uwezekano wa saratani hauzidi asilimia 2, na unarudi kupigwa picha baada ya miezi 6. 4 kuna mashaka, na wigo wake ni mpana mno: kutoka asilimia 2 hadi 95, kwa hiyo kinyama kinahitajika na hofu isubiri. 5 mashaka makubwa, asilimia 95 au zaidi. 6 ni kwa ambaye saratani yake imeshathibitishwa.

Aliyepewa 3 ndiye anayesahaulika kuliko wote. Miezi 6 ni mirefu, msimu wa kilimo unaingia, uvimbe hauumi. Andika tarehe ya kurudi kwenye ukuta wa nyumba kama inabidi. Na kumbuka: uvimbe unaoshikika kwa mkono na unaotia shaka hauwi salama kwa sababu mamografia imesema 1. Kipimo hicho hukosa baadhi ya saratani, hasa kwenye matiti yenye tezi nyingi.

Kinyama

Hiki ndicho kipimo kinachoamua, na ndicho kinachoogopwa. Wapo wanaoamini kwamba saratani ikiguswa na chuma husambaa. Wanaouona ugonjwa umekimbia baada ya kinyama mara nyingi walifika umeshakimbia, nacho kinyama kikauonyesha. Sindano ya kuchukulia kinyama haipunguzi uhai wa mgonjwa. Bila hiyo hakuna dawa sahihi inayoweza kuchaguliwa. Kama umekuwa ukitumia dawa za asili au umechanjwa na mganga, mwambie daktari wazi. Hutakemewa, na vidonda vya chale hubadilisha anachokiona.

Kuna sindano nyembamba inayovuta chembe, na sindano nene inayokata vipande vya nyama vyembamba kama uzi wa mkeka. Ile nyembamba ni rahisi na ya haraka, inafaa kwa mfuko wa maji na tezi za kwapa. Kwa uvimbe wa nyama, omba ile nene. Chembe peke yake hazimwonyeshi mtaalamu wa patholojia, anayesoma nyama kwa hadubini, kama saratani imevunja ukuta wa mrija, na hazitoshi vizuri kwa vipimo vya homoni. Njia ya tatu ni kukata uvimbe wote kwa upasuaji kisha kuupeleka maabara. Hii isiwe ya kwanza. Mgonjwa aliyeondolewa uvimbe kabla ya kujulikana ni nini, ikibainika ni saratani, hulazimika kurudi kisuni kwa mara ya pili, na alama ya mahali ulipokuwa imeshapotea.

Siku hiyo kula chakula chako cha asubuhi. Dawa za shinikizo la damu meza kama kawaida. Kama unatumia dawa ya kuyeyusha damu, kama warfarini, au una ugonjwa wa damu kutoganda, sema mapema, siku kadhaa kabla. Njoo na sidiria inayobana vizuri, na mtu wa kukusindikiza.

Ngozi husafishwa, unachomwa ganzi, nayo huwaka kwa sekunde chache kabla ya sehemu hiyo kufa ganzi. Subiri ifanye kazi. Daktari hufungua ngozi kidogo, milimita 3 hadi 5, na kuingiza sindano. Inapokata hutoa mlio mkali wa kufyatuka. Omba akuonyeshe mlio huo kabla hajaanza, usije ukashtuka na kujisogeza. Huchukua vipande kadhaa, kwa kawaida visivyopungua 3 au 4, kutoka sehemu tofauti za uvimbe. Kipande kinachozama kwenye dawa kwa kawaida ni nyama. Kinachoelea mara nyingi ni mafuta, na inabidi kuchukua kingine. Baadaye kibonyezwe kwa mkono dakika 10 kamili bila kuchungulia. Usilowanishe bandeji siku moja. Weusi wa kuvilia damu hukaa wiki moja au mbili na hauna ubaya. Kwa maumivu tumia parasetamoli, epuka aspirini. Rudi hospitali kama damu inalowesha bandeji bila kukoma, kama kuna homa, au usaha.

Sasa inakuja sehemu ambayo huharibika kimyakimya. Nyama iliyotolewa mwilini huanza kuoza papo hapo, na protini zinazopimwa kuchagua dawa huanza kupotea. Inatakiwa iingie kwenye fomalini ndani ya saa 1. Fomalini iwe ya asilimia 10, na ujazo wake uwe angalau mara 10 ya nyama yenyewe. Spiriti ya kidonda, maji ya dripu na maji ya bomba havifai: spiriti hukausha na kukunja nyama, maji ya bomba huvimbisha chembe zikapasuka, na maji ya dripu hayaizuii nyama kuoza. Muda wa kukaa ndani ya fomalini uwe kati ya saa 6 na 72. Ukipungua, nyama haijaiva vizuri. Ukizidi, kipimo cha vipokezi vya homoni kinaweza kusema "hakuna" wakati vipo, na mgonjwa akanyimwa kidonge ambacho kingemsaidia kwa miaka.

Kutokana na hesabu hiyo tunatoa ushauri mmoja: kama sampuli zinasafirishwa nje ya mkoa, omba kinyama kichukuliwe Jumatatu, Jumanne au Jumatano. Kilichotolewa Ijumaa mchana, kikapanda basi Jumamosi na kupokelewa maabara Jumatatu mchana, kimeshamaliza saa 72 zake njiani.

Tazama chupa kabla hujaondoka. Jina lako, umri, namba ya faili, upande wa titi na mahali kwa saa viwe vimeandikwa kwenye ubavu wa chupa. Vikiandikwa kwenye kifuniko peke yake, vifuniko vinaweza kubadilishana mezani. Fomu iliyofuatana nayo ionyeshe saa nyama ilipotoka, saa ilipoingia fomalini, na kilichoonekana kwenye picha. Kama unanyonyesha au mjamzito, fomu iseme hivyo, kwa sababu chembe za titi wakati huo hubadilika sura na zinaweza kumdanganya msomaji.

Kisha chukua namba ya sampuli, jina la maabara inakoenda, tarehe ya majibu na namba ya simu ya kitengo. Acha namba mbili: yako, na ya mtu asiyebadilisha laini ovyo. Usikubali "tutakupigia" peke yake. Tarehe ikifika, piga wewe.

Majibu

Omba kuelezwa ukiwa umekaa, mlango umefungwa, na mtu wako akiwa pembeni kama unataka. Kama majibu yanasema hakuna saratani, uliza swali moja kabla hujashukuru: je, yanaeleza kilichoguswa na kilichoonekana kwenye picha? Fibroadenoma, uvimbe wa kawaida wa wasichana unaoteleza chini ya vidole, inaeleza uvimbe laini wenye kingo safi. "Tishu ya kawaida ya titi" haielezi uvimbe mgumu wa sentimita 3 uliopewa BI-RADS 5. Hapo sindano ilikosa shabaha, na kinyama kirudiwe. Huu ndio moyo wa vipimo vitatu, na mgonjwa anayeuliza hivi anamsaidia daktari kazi yake.

Fibroadenoma isiyokua haihitaji kukatwa. Hupigwa picha baada ya miezi 6, na hukatwa ikiongezeka, ikiwa kubwa, au mwenyewe akitaka.

Kama ni saratani, karatasi iwe na aina yake, daraja lake kutoka 1 hadi 3, na matokeo ya vipokezi vitatu, yaani protini za chembe zinazoonyesha dawa ipi itafaa: estrojeni, projesteroni na HER2. Bila vitatu hivyo matibabu ni kubahatisha. Vikiwa havikupimwa, uliza kama kipande kilichohifadhiwa kwenye nta kinaweza kupelekwa kupimwa. Usikimbilie kukatwa titi wiki hiyohiyo. Uvimbe mkubwa au wenye tezi kwapani mara nyingi huanza na dawa za dripu ili unywee kwanza, ndipo upasuaji ufuate. Wiki mbili za kupanga vizuri hazimdhuru mgonjwa. Miezi ya kuzungukazunguka ndiyo inayodhuru.

Rufaa ya nje ya mkoa

Matibabu kamili, pamoja na mionzi, yapo Bugando mjini Mwanza na Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Wa Kakonko, Kibondo na Kasulu wengi hupata njia fupi kuelekea Mwanza kupitia Nyakanazi. Aliye karibu na stesheni hupima kati ya basi na treni ya Reli ya Kati. Kigezo kizuri zaidi ni kwamba mionzi hutolewa karibu kila siku kwa wiki kadhaa, na dripu hurudiwa kila baada ya wiki 2 au 3. Chagua mji ambao una ndugu wa kukupokea.

Beba barua ya rufaa, ripoti zote za picha pamoja na picha zenyewe, majibu ya patholojia yenye mhuri, na kipande cha nta chenye nyama yako na vioo vyake vya hadubini kutoka maabara. Wengi huacha hivi vya mwisho, kisha hufika na kuchomwa sindano upya, wiki tatu zikaenda. Ongeza kadi ya bima, kitambulisho na orodha ya dawa. Piga picha kila karatasi kwa simu na umtumie ndugu mmoja.

Asiye na uwezo aanze na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya dirisha la malipo, akiwa na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Msamaha ulioombwa baada ya bili kutoka huchukua muda mrefu zaidi. Mwenye bima aulize mapema kama kinyama na vipimo vya vipokezi vimo ndani ya kifurushi chake. Kwa walio kwenye kambi za wakimbizi, rufaa huanzia kwenye kituo cha afya cha kambini, na kibali cha kutoka kambini kiombwe siku hiyohiyo daktari anapoandika rufaa, kisisubiri tarehe ya miadi.

Ukifika kwenye hospitali uliyopelekwa, kabla ya kurudi ulikofikia, hakikisha umeandikiwa tarehe ya kuonwa na jopo la madaktari, namba mpya ya faili, na jina la kliniki utakayoripoti. Kisha pigia simu hospitali iliyokutuma na uwaambie umepokelewa, ili nao wafunge rufaa yako kwenye kitabu chao na wasiendelee kukutafuta.